Hesabu ya Wenye Msalaba

Daktari Nashaat Rofail alisoma kurasa zote sita bila kuinua kichwa, na kwa hilo Febronia alimheshimu. Katika miaka kumi na minne ya uuguzi alikuwa amewapelekea wakubwa karatasi nyingi, na wengi wao walisoma mistari mitatu ya juu kisha wakatafuta sahihi chini. Huyu alisoma hata majedwali, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

Mezani kati yao ilisimama chupa ya achari. Ndani yake hamkuwa na achari bali sindano sitini na moja, zote zimetoka katika mifuko ya taka za hospitali ya daktari huyu kwa muda wa wiki mbili. Waliozitoa ni wanawake wa mtaa wa wazoa taka, chini ya mlima Muqattam, ambao huchambua taka za Kairo kwa mikono: plastiki huku, bati huku, karatasi kule. Febronia alizaliwa mtaani humo na ndiye muuguzi wa zahanati ya kanisa. Kando yake Abuna Bakhum, kasisi wao, alikuwa akizungusha shanga za rozari yake ya uzi mweusi na kuomba kimyakimya daktari asiudhike.

"Wanawake mia na ishirini," daktari alisema hatimaye. "Arobaini na wawili wana homa ya ini, aina ya C."

"Ndiyo."

"Na unasema wameipata kwa sindano zangu."

"Nasema wanachomwa na sindano zako. Niliwauliza pia kama wamewahi kuongezwa damu, kupasuliwa, kung'olewa meno, kupigwa zile sindano za kichocho za zamani, kutobolewa masikio. Ukurasa wa nne."

"Nimeuona." Daktari alifungua kifungo cha shati na kukunja mkono wa kulia. Kwenye kifundo palikuwa na msalaba mdogo wa buluu uliofifia. "Na huu?"

Febronia aliutazama. Yeye alikuwa nao. Abuna alikuwa nao.

"Nilichorwa nina miaka mitatu, sikukuu ya Bikira, huko Asyut," daktari aliendelea. "Nyanya yangu alinishika, nikamng'ata. Mchoraji alikuwa na sindano moja, na foleni ya watoto ilifika barabarani. Sasa niambie, sista. Hawa mia na ishirini walichorwa na nani? Kwa sindano iliyotoka kwa mtoto gani?"

Hilo Febronia hakuwa nalo kwenye karatasi. Hakuuliza. Aliandika maswali yake kwa miezi miwili, akayafuta, akayaandika upya, na swali hilo halikumpitia kichwani hata mara moja. Mkopti, yaani Mkristo wa Misri, humwulizi kama ana msalaba mkononi, kama usivyomwuliza kama ana pua.

"Abuna, mimi si adui wa kanisa," daktari alisema, akishusha mkono wa shati. "Ile friji ya chanjo hapo zahanati kwenu, nani aliileta?"

"Wewe, mwanangu. Mungu akulipe."

"Basi msinipeleke idara ya afya na karatasi yenye tundu. Mkiwa na jibu la hili, rudini. Nitawasikiliza."

Barabarani Abuna alipiga hatua ishirini nzima kabla ya kusema. "Ametushinda."

"Hajatushinda, Abuna. Amesahihisha. Na amesahihisha vizuri."

"Wewe unafurahi?"

"Nimekasirika. Lakini si naye."

*

Sabah, mke wa kaka yake, alikuwa chini ya nyumba amekaa juu ya debe lililopinduliwa, mfuko wa nne wa asubuhi ile umemwagwa mbele yake. Alivaa glavu za jikoni zilizotoboka vidole viwili. Glavu nene aliwahi kupewa na watu wa msaada, akazijaribu siku mbili, akasema mkono uliovaa gunia hauwezi kutofautisha plastiki ngumu na laini.

"Wifi! Umerudi na nini?"

"Na kosa."

"La nani?"

"Langu."

Sabah aliacha kuchambua. "Ngoja niite majirani washuhudie."

Febronia alimweleza. Sabah alisikiliza, akaangalia kifundo chake chenye msalaba, kisha akatupa chupa kwenye lundo la chupa. "Kwa hiyo msalaba ndio umenichoma jana hapa?" Alinyoosha kidole gumba. Palikuwa na tundu dogo, jekundu pembeni. "Maana mimi niliona sindano. Labda macho yangu ni ya Kiislamu."

"Jana saa ngapi?"

"Sasa nitajuaje saa? Kabla ya chai."

Febronia aliandika: kabla ya chai. Ilikuwa mara ya kumi na mbili kwa Sabah tangu hesabu ianze. Damu yake ilikuwa safi, angalau kwa kipimo cha Januari. Alikuwa mmoja wa wale sabini na wanane wasio na virusi. Kwa ajili ya hao sabini na wanane zile kurasa sita ziliandikwa. Homa ya ini ya C haina chanjo. Tiba ya wakati huo ilikuwa sindano ya kila wiki kwa mwaka mzima, iliyomlaza mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe, na kwa karibu nusu yao haikufaa kitu. Kinga ilikuwa moja tu: sindano isiyokuwemo mfukoni.

"Nitawapima wanaume," Febronia alisema.

"Wanaume wana nini?"

"Wana msalaba uleule. Wamechorwa na watu walewale, wanalala nyumba zilezile, wanakwenda kwa kinyozi na mng'oa meno wa mtaa huuhuu. Ila mwanamume anabeba mfuko ukiwa umefungwa. Mwanamke ndiye anayeufungua. Kama ni msalaba, tutaugua sawasawa. Kama ni mfuko, nyinyi mtawazidi."

"Hilo hata mbuzi anajua."

"Mbuzi hana jedwali."

*

Ilikuwa wiki ya pili ya Kwaresima, mwaka wa tatu tangu serikali iwachinje nguruwe wao wote kwa hofu ya mafua ya nguruwe, na wanaume wa mtaa hawakuwa na hamu ya kusikia neno "kupima". Waliokuja kupima nguruwe ndio waliowaondoa. Ijumaa ya kwanza, baada ya misa, walifika wanne.

"Sista, mimi nimefunga," alisema mmoja. "Wiki mbili nakula maharage. Damu ya kumpa mbu yenyewe sina."

Abuna alikunja mkono wake mbele yao wote, akakaa wa kwanza, akatolewa damu. Hilo liliongeza wawili. Usiku ule alimfuata Febronia zahanati na wazo.

"Jumapili nitatangaza: asiyetoa damu, hapati mkate wa baraka."

"Hapana, Abuna."

"Ni kwa faida yao!"

"Damu ya kulazimishwa siipimi. Anayelazimishwa ananidanganya majibu, na majibu ya uongo yataniumbua kwa Nashaat mara ya pili."

Aliyelimaliza jambo lile ni Sabah, na hakutumwa na mtu. Jumapili alisimama mlangoni mwa zahanati, mikono kiunoni, wanaume wakitoka kanisani.

"Nyinyi mashujaa! Mnanyanyua friji kwa bega moja, sindano ya muuguzi mnaikimbia? Sisi wake zenu tunachomwa bure kila asubuhi, na hatupewi hata biskuti! Huyu anatoa biskuti ya mfungo! Haya, Girgis, pita. Ama nimwite mama yako akushike mkono?"

Girgis alipita. Waliofuata walicheka, na mtu akishacheka miguu yake hulegea. Kwa Jumapili tatu walifika tisini na saba, wa rika sawa na wale wanawake. Kila mmoja Febronia alimwuliza maswali yote ya zamani na moja jipya, na kila mmoja alimwonyesha kifundo kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake na baba yake mwenyewe. Wanawake nao aliwarudia nyumba kwa nyumba. Mia na kumi na wanane walikuwa na msalaba. Wawili hawakuwa nao, na mmoja wa hao alitaka kujua kama amefanya kosa.

Wa mwisho kutoa damu alikuwa kaka yake, Rizq. Ndiye aliyeshika kazi ya kuzoa taka za hospitali ya Daktari Nashaat kwa miaka kumi na mmoja. Pikapu ilikuwa yake, na mifuko ile ndiyo iliyolisha nyumba.

"Nimekuja ili mke wangu anyamaze," alisema, akiangalia ukutani wakati damu ikitoka. "Lakini nikwambie kitu, dada. Ukiniharibia hospitali ile, wewe ndiye utakayetulisha?"

"Sikuharibii. Nataka kile mnachokichukua kisiwaue."

"Hajafa mtu."

"Rizq, mama alikufa kwa nini?"

"Ini."

"Na alifanya kazi gani?"

Alikandamiza pamba mkononi, akasimama. "Biskuti yangu iko wapi?"

*

Majibu yalitoka maabara ya chuo kikuu wiki ya sita ya mfungo. Febronia alifunga mlango wa zahanati, akayaingiza kwenye jedwali kwa penseli, akahesabu mara mbili kutoka juu na mara moja kutoka chini.

Wanawake mia na ishirini: wenye virusi arobaini na wawili. Thelathini na tano katika mia.

Wanaume tisini na saba: wenye virusi kumi na watatu. Kumi na watatu katika mia na kidogo.

Msalaba ulikuwa kwa karibu wote. Wanawake walikuwa wamewazidi wanaume karibu mara tatu, na msalaba hauwezi kumchagua mwanamke ukamwacha mume wake. Jibu la daktari lilikuwa limepatikana, nalo lilikuwa wazi kiasi kwamba hata asiyependa hesabu angelielewa. Angeweza kufunga daftari pale pale.

Namba tisini na saba, mmoja wa wale kumi na watatu, alikuwa Rizq.

Alimwita jioni hiyohiyo, wakakaa ndani ya pikapu kwa sababu nyumbani kulikuwa na watoto. Alimwambia kwa sentensi mbili, bila utangulizi, kama ambavyo angewaambia wale kumi na wawili wengine. Kisha akamweleza kuhusu kipimo cha pili, cha kuangalia kama ini limeumia, na kwamba huenda halijaumia kabisa.

Rizq alishika usukani kana kwamba gari linakwenda. "Mimi sijawahi kufungua mfuko hata mmoja."

"Najua."

"Basi nimepata wapi?"

"Sijui."

"Si ulisema ni mifuko?"

"Nilisema mifuko inawazidishia wanawake. Sikusema ni mifuko peke yake."

Aligeuza kifundo juu. "Ni Zakhari na misalaba yake?"

"Labda. Labda kinyozi. Labda ulipong'olewa lile gego."

"Labda, labda! Muuguzi gani wewe?"

"Anayejua tofauti ya 'najua' na 'labda'."

Mbele yao pikapu nyingine ilikuwa ikishusha mifuko, na wanawake wawili walianza kuivuta ndani kabla haijamaliza kushuka.

"Umeniandika kwenye karatasi yako?"

"Namba tu. Lakini ukisema nikutoe, nitakutoa, na nitaandika kwamba nimemtoa mmoja."

"Niache humohumo," Rizq alisema. "Sasa shuka, nataka kukaa."

*

Zakhari aliweka meza yake penye lango la kanisa kila Jumapili, baada ya misa. Mbao za mifano ya misalaba zilisimama nyuma yake, na mashine ndogo ya umeme ilinguruma kama nyuki kwenye kopo. Alikuwa na miaka sabini na mikono isiyotetemeka. Febronia alikaa kwenye kiti upande wa pili wa lango tangu saa tatu hadi saa sita, daftari juu ya goti. Watoto kumi na tisa walichorwa. Sindano haikubadilishwa. Kati ya mtoto na mtoto Zakhari aliipangusa kwa kitambaa chenye manukato ya kolonya, kitambaa kilekile.

Wa mwisho alipoondoka akilia na peremende mdomoni, Febronia alivuka.

"Ami Zakhari, Mungu akupe nguvu."

"Naye akupe. Nimekuona unaandika. Unataka kuchora na wewe? Wewe nilikuchora mimi, ulipiga kelele hadi shemasi akadhani ni kengele."

"Ami, sindano moja inatakiwa kwa mtoto mmoja. Kisha inatupwa."

Mzee alicheka. "Kolonya inaua kila kitu."

"Kirusi hiki haikiui."

"Miaka arobaini na mmoja nachora. Baba yangu kabla yangu, kwa sindano saba zilizofungwa kwenye kijiti. Ungemwona yeye ungezimia."

"Ningezimia, kweli."

Kicheko kilitoweka usoni mwake. Alianza kukunja waya wa mashine. "Unachotaka kuniambia ni kwamba nimewatia watoto sumu pamoja na msalaba."

"Sijui kama umewatia. Ndiyo maana nataka uache leo, tusiendelee kutojua."

"Babu zako walichorwa ili wasiweze kuukana hata wakitaka. Wewe na kalamu yako mnataka uwe hatari."

"Msalaba sijauandika popote kuwa ni hatari, ami. Nimeandika sindano."

Mzee alibeba meza yake begani kama ilivyo, mbao zikining'inia, akaondoka bila kuaga. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwona akiondoka bila kuaga.

*

"Andika la hospitali," Abuna Bakhum alisema. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wagonjwa, karatasi mpya mikononi, kurasa tisa sasa. "Tumelithibitisha, Mungu asifiwe. La Zakhari tutalimaliza wenyewe, ndani, kimya. Huu ukurasa wa tatu utoe."

"Nikitoa wa tatu, wa pili unaanguka."

"Kwa nini uanguke?"

"Kwa sababu wa pili unasema karibu wote wamechorwa, na daktari atauliza wamechorwaje. Nitamjibu nini? Kwamba sikuangalia? Niliangalia, Abuna. Nilikaa pale saa tatu nzima."

"Binti yangu, wewe unakijua tunachoishi nacho. Wapo wanaosubiri kitu kama hiki. Watasema Wakristo wanaambukizana milangoni mwa makanisa yao."

"Waseme. Jumapili watoto walikuwa kumi na tisa. Jumapili ya Matawi watakuwa mia."

Abuna alivua miwani na kuifuta kwa kanzu, kazi iliyomchukua muda kuliko ilivyohitaji. Febronia alijua mzee yule ndiye aliyembatiza, na ndiye aliyemlipia karo ya chuo cha uuguzi kutoka mfukoni mwake. Alijua pia kwamba deni la namna hiyo halilipwi kwa kukubali kosa.

"Na kama nikikukataza?"

"Nitaiandika bila jina la kanisa. Nitaiwekea sahihi yangu peke yangu, na nitaipeleka. Lakini nitaipeleka na wa tatu."

"Ungekuwa shemasi wangu," Abuna alisema, "ningekuwa nimeshakufukuza."

"Ndiyo maana nilisomea uuguzi."

Alicheka bila kutaka. Kisha alivaa miwani, akasoma ukurasa wa tatu tena, polepole, akiweka kidole kama alivyofanya daktari. Alipomaliza alitia sahihi yake chini ya ile ya Febronia na kuandika jina la kanisa kwa herufi kubwa.

Kwa Zakhari alikwenda mwenyewe. Alikaa huko mchana mzima, na waliopita dirishani walisikia kelele, kisha kimya, kisha kelele tena. Kilichosemwa hakuna aliyekijua. Jumapili ya Matawi meza ilikuwa mahali pake, na juu yake boksi la sindano, kila moja ndani ya karatasi yake iliyofungwa. Zakhari alizichana mbele ya kila mama kwa hasira ya wazi, kama mtu anayechana barua ya mdai. Ndani, kabla ya baraka, Abuna aliwaambia watu maneno machache.

"Waliochorwa hapa zamani, waje kupimwa. Mimi nililiona lango hili kila Jumapili kwa miaka thelathini na sita, na sikuliangalia. Aibu hiyo ni yangu. Nyinyi leteni watoto."

*

Daktari Nashaat alisoma kurasa tisa. Alipofika ya tatu aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Mmeliandika la mchoraji wenu."

"Na tarehe tuliyolirekebisha," Febronia alisema. "Mstari wa mwisho."

Alirudi kwenye ukurasa wa pili. Alichukua kalamu, akafanya hesabu yake mwenyewe pembeni, akapata ileile. "Hii inakwenda wapi?"

"Kwako kwanza. Jumatatu idara ya afya, kwa sahihi yako au bila."

"Abuna, hili la tatu likitoka nje litatuchafua sote. Hata mimi." Aligusa kifundo chake bila kujua. "Litoeni, nami nitaweka visanduku vya sindano kila chumba. Tumalizane kama ndugu."

Abuna alimtazama Febronia, kisha akamgeukia daktari. "Nililisema hilohilo wiki iliyopita, mwanangu, kwa sauti nzuri kuliko yako. Hakunisikiliza."

"Visanduku unavyo tayari," Febronia alisema. "Mwite matroni."

Matroni aliitwa. Alikuwa mwanamke mnene, Hoda, mwenye hijabu nyeupe na funguo nyingi, na hakuwa na sababu ya kumwogopa mtu. Ndiyo, visanduku vipo. Gari la kuvipeleka kwenye tanuri linakuja Jumamosi tu. Stoo inajaa Jumatano. "Kuanzia Jumatano wasichana wanatupa kwenye mifuko ya kawaida. Nimeandika barua tatu, Daktari. Ziko faili la kijani."

Kimya kilichofuata hakikuwa cha kupendeza kwa mtu yeyote ila, kidogo, kwa Hoda.

"Gari lije mara mbili," Febronia alisema. "Jumamosi na Jumanne. Vyumba vyote. Na usipotia sahihi, kuanzia kesho mifuko yako haitafunguliwa. Itarudishwa hapa mlangoni ikiwa imefungwa kama ilivyotoka."

"Kaka yako atapoteza kazi hii. Wapo kumi wanaoitaka."

"Anajua. Ndiye aliyesema mifuko irudishwe. Yuko chini kwenye pikapu, ukitaka kumsikia mwenyewe."

Daktari alikwenda dirishani, akatazama chini, akarudi. Hakuketi. Aliandika akiwa amesimama: upasuaji, uzazi, maabara, gari mara mbili kwa wiki, tarehe. Akatia sahihi.

Febronia alisoma. "Na meno?"

"Kliniki ya meno si yangu. Nimepangisha."

"Mfuko wao una jina la nani?"

Alichukua karatasi tena, akaongeza neno moja.

Mlangoni daktari alimshika Abuna mkono, na kwa sauti ya mtu asiyejua kama anatania alisema, "Nadhani sasa mtanirudishia friji yangu."

"Friji haina kosa lolote," Abuna alisema. "Tutakaa nayo."

*

Kurasa zote tisa zilifika idara ya afya Jumatatu, lakini Febronia alijua kwamba sahihi ni wino tu. Kwa hiyo alipanga siku kumi na nne, akakaa asubuhi kila siku kwenye debe la pili chini ya nyumba ya Rizq, daftari gotini, Sabah akimwaga mifuko ya hospitali kwa reki ndefu. Siku ya kwanza sindano tisa. Alimpigia simu Hoda. Siku ya pili tisa. Akampigia tena. Siku ya tatu mbili. Siku ya nne, baada ya gari la Jumanne, hakuna. Ya tano hakuna. Ya sita moja, kwenye mfuko wa meno, na alipanda basi akaipeleka mwenyewe kwa daktari wa meno ndani ya kopo, akamwonyesha, akarudi bila kuongeza neno.

Pasaka ikapita katikati. Ya saba, ya nane, ya tisa, ya kumi: hakuna. Damu ya Sabah, ya lile tundu la kidole gumba, ingepimwa mwezi wa sita. Kabla ya hapo hakuna ambacho mtu angeweza kusema kwa hakika.

Siku ya kumi na moja Sabah aliweka reki chini na kujinyoosha mgongo. "Hakuna kitu. Wifi, imetosha. Andika kwamba tumeshinda, twende tukanywe chai."

"Zimebaki siku tatu."

"Siku tatu za nini? Huoni mwenyewe?"

"Naona siku saba safi, na sindano moja katikati. Mifuko imebaki mingapi leo?"

"Miwili." Sabah aliinama, akaiokota reki.

"Haya," Febronia alisema, akigeuza ukurasa. "Mwaga huo wa uzazi kwanza."